Padre Asomaye na Mgonjwa Angojaye



Nilipopelekwa kutumika Lusewa, nchi ile ya Songea ya zamani ambayo leo imo katika wilaya ya Namtumbo, nilifika na masanduku mawili: moja la nguo, la pili la vitabu. Nilikuwa nimekwisha kuanza masomo ya udaktari wa Teolojia, nami nikapewa ruhusa kuyaendeleza huku nikichunga roho za watu. Habari hiyo ilienea upesi vigangoni. Dominika moja, baada ya Misa, mzee mmoja alinisogelea akisema kwa furaha: "Baba Padre, tumesikia unasomea udaktari. Mungu ashukuriwe. Ukimaliza, utatuchoma sindano hapa hapa, tusisafiri tena mpaka Namtumbo?"

Tulicheka sote. Kisha nikamweleza kwamba neno daktari katika Kilatini cha kale maana yake ni mwalimu, na kwamba udaktari wangu si wa dawa, bali ni wa mafundisho ya dini. Mzee akafikiri kidogo, akasema: "Vema, Padre. Lakini huo nao uwe wa kutibu."

Maneno hayo niliyapokea kama mzaha wa mzee. Kabla mwaka haujaisha nilijua kwamba hayakuwa mzaha.

Ilikuwa kifuku, mwezi wa Februari. Jua lilikuwa linakuchwa, kijana mmoja akafika kwa pikipiki, amejaa matope mpaka magotini. Akasema: "Tumsifu Yezu Kristu, Padre. Babu amezidiwa. Anaomba kuungama na kupakwa mafuta matakatifu." Kigango chao kilikuwa mbali. Mto uliokuwa njiani ulikuwa umejaa. Tena juma lile tembo walikuwa wameonekana karibu na njia ile, kwa maana upande ule wa nchi ni mapito yao kati ya pori la Selous na lile la Niassa huko Msumbiji. Hizo zote zilikuwa sababu za kweli. Lakini mbele ya Mungu sitaki kujificha nyuma ya tembo. Kijana aliweza kuuvuka mto ule kuja kwangu. Mimi nami ningaliweza kuuvuka kwenda kwao. Ukweli ni kwamba mezani palikuwa na sura moja ya tasnifu yangu, niliyoahidi kuipeleka kwa mwalimu wangu juma lile lile. Nikamwambia kijana: "Mwanangu, mwambie babu nitakuja kesho, mara baada ya Misa ya asubuhi." Naye, kwa adabu, akajibu: "Haya, Padre," akageuza pikipiki yake. Nikaiwasha taa, nikaandika hata saa sita ya usiku. Sura ile ilihusu Ushirika wa Watakatifu.

Nilipofika asubuhi, nilikuta turubai limekwisha kufungwa na wanawake wameketi chini. Mzee alikuwa amekata roho kabla ya jogoo wa kwanza. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa kiti na maji ya kunywa, wakanishukuru kwa kuja. Tukamzika mchana ule, tukaimba, tukasali. Kisha nikamwendea mjane kumpa pole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Padre."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Padre, mzee wangu alikungoja. Kila mbwa alipobweka alisema, huyo ni Padre. Je, huko kungoja kwake, Mungu atakuhesabu?"

Nilimjibu maneno ya faraja, lakini moyoni nilijua kuwa ni maneno ya haraka. Niliporudi nyumbani niliifungua ile sura niliyoiandika usiku. Ilikuwa na kurasa nyingi na maelezo mengi chini ya kila ukurasa. Nikaisoma tangu mwanzo hata mwisho nikitafuta mstari mmoja ambao ningeweza kumsomea bibi yule. Sikuuona.

Ndugu zangu, wahenga wetu walisema kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Je, padre aliyekabidhiwa watu afanye nini na vitabu? Wengine hujibu upesi: avifunge, awahudumie watu, yatosha. Wengine hujibu: awaache watu, akae chuoni hata amalize. Majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli. Kanisa limewatuma mapadre wengi chuoni kwa miaka kadhaa, nalo lafanya vema. Na wako wachungaji watakatifu ambao vitabu viliwashinda, kama Mtakatifu Yohane Maria Vianney, ambaye masomo yalimtesa sana, lakini tangu 1818 hata kufa kwake mwaka 1859 aliigeuza Ars, kijiji kidogo cha Ufaransa, kwa sala na kwa kuungamisha. Lakini Kanisa halijapata kukubali kwamba kusoma na kuchunga ni maadui. Katika Mkusanyiko wa Sheria wa mwaka 1983, kanuni ya 279 yawaagiza mapadre kuendelea na masomo matakatifu hata baada ya kupewa daraja. Na katika kitabu kile kile, kanuni ya 529 yamwagiza paroko kuwajua waamini wake, kuzitembelea jamaa zao, na kuwasaidia wagonjwa kwa upendo mwingi, hasa walio karibu na kufa, akiwaburudisha kwa Sakramenti. Sheria ni moja, na aliyeweka agizo la kwanza ndiye aliyeweka la pili. Kwa hiyo twapaswa kuuliza: yote mawili yakutane wapi?

Mtu wa kutujibu ni Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 7 Desemba. Mwaka 374 Ambrosi alikuwa liwali wa serikali ya Kirumi, wala hajabatizwa bado. Watu wa Milano walipogombana juu ya kumchagua askofu, yeye alikwenda kanisani kuwatuliza, nao wakapaza sauti wakimtaka yeye. Katika siku chache alibatizwa, akapewa daraja, akawekwa kuwa askofu. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alilazimika kuanza kufundisha kabla hajajifunza. Basi alisoma hali anachunga, maana hakuwa na njia nyingine. Alijifunza kwa padre mzee Simplisiani, akasoma Maandiko na vitabu vya Wagiriki, huku watu wakimjia kwa shida zao mchana kutwa.

Na alisoma namna gani? Mtakatifu Augustino, ambaye alibatizwa naye Pasaka ya mwaka 387, ametuachia habari hiyo katika Maungamo yake. Asema kwamba Ambrosi alipopata nafasi kidogo alisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa na ulimi umetulia. Lakini mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyezuiwa kuingia, wala haikuwa desturi kutanguliza mtu wa kumwarifu kwamba mgeni amefika. Watu waliingia, waliketi, walimtazama, na wengine walitoka bila kumsumbua, kwa kumhurumia. Tazameni jinsi ilivyokuwa! Padre hafungi mlango apate kusoma. Na watu, wakimwona anasoma, hawamnyang'anyi saa yake bure. Kila upande unamheshimu mwenzake kwa ajili ya Mungu. Nilipoikumbuka habari hiyo Lusewa niliona haya, kwa kuwa nami mlango wangu ulikuwa wazi usiku ule, lakini moyo nilikuwa nimeufunga.

Tena, wapenzi wasomaji, Ambrosi huyu huyu aliulizwa swali la bibi wa Lusewa. Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili, kijana wa miaka kama 20, alikuwa Vienne katika nchi ya Galia. Hakuwa amebatizwa, naye alitaka sana kubatizwa kwa mkono wa Ambrosi, akatuma watu kumwita. Ambrosi alishika njia. Lakini kabla hajafika, kijana alikufa. Mwili ukaletwa Milano, na dada zake wakalia, wakiogopa kwamba ndugu yao amekufa bila Ubatizo. Ambrosi akawahubiria wakati wa maziko. Hakuwaambia kwamba Sakramenti si kitu. Aliwafundisha kwamba ndugu yao aliitaka neema na kuiomba, na aliyeomba kwa moyo amekwisha kupokea. Fundisho hilo halikutoka katika mashindano ya wenye elimu. Lilitoka kinywani mwa mchungaji aliyechelewa, mbele ya wanawake waliofiwa, nalo limeingia katika hazina ya Kanisa zima.

Mzee wetu wa Lusewa alikuwa amebatizwa tangu utoto. Yeye alitamani Kitubio na Mpako. Kwa watu wa namna hiyo Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1551 kwamba majuto yaliyokamilika kwa upendo wa Mungu humpatanisha mtu na Mungu hata kabla hajaungama, maadamu ndani yake imo nia ya kuipokea Sakramenti. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma seminarini, nikafanyia mtihani na kufaulu. Lakini sikuwa nimejua bado kwamba yaliandikwa kwa ajili ya mtu alalaye juu ya kitanda cha kamba, akisikiliza mbwa wakibweka usiku.

Siku ya kumaliza matanga nilirudi kwa bibi yule. Kwanza nilimwomba msamaha, nikamwambia wazi kwamba ningaliweza kuja usiku ule, nami sikuja. Akasema: "Nimekwisha kukusamehe, Padre. Siku ile sikukuuliza habari zako, nilikuuliza habari za mzee." Ndipo nikamsimulia habari za Ambrosi, na za yule kijana aliyemngoja, na mafundisho ya Kanisa juu ya majuto na nia. Nilitumia maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema: "Basi alikungoja wewe, akaja Mwenyewe."

Sijapata kusoma katika vitabu vyangu vyote jibu fupi na la kweli kuliko hilo.

Lakini, ndugu zangu mapadre, tusilitumie jibu hilo kujiosha mikono. Mungu hafungwi na Sakramenti zake. Hilo ndilo fundisho la Kanisa. Lakini padre amefungwa nazo. Huruma ya Mungu yaweza kuvuka mto uliojaa bila padre. Padre hana haki ya kukaa mezani akiitegemea huruma hiyo imfanyie kazi yake. Faraja ile ilikuwa ya mjane. Kwangu mimi yalibaki majuto na kitubio, na kitubio changu kilikuwa kuiandika upya ile sura yote. Ilichelewa miezi mingi. Safari hii niliiandika nikiwa na bibi yule mbele ya macho yangu, na kila nilipomaliza ukurasa nilijiuliza kama ningethubutu kumweleza maana yake.

Hapo ndipo kusoma na kuchunga hukutana: katika swali la mtu. Tazameni wanateolojia wa nchi yetu. Padre Charles Nyamiti wa Tabora, aliyefariki mwaka 2020, alisomea udaktari Louvain huko Ubelgiji, akafundisha Kipalapala na baadaye Nairobi. Kitabu chake cha mwaka 1984 chaeleza jinsi Kristu alivyo Mhenga wetu. Je, swali hilo lilizaliwa Ulaya? La hasha! Ni swali la kila jamaa ya Kiafrika isimamapo kaburini: wafu wetu wako wapi, na sisi tuna fungamano gani nao? Padre Laurenti Magesa wa jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, aliandika vitabu vinavyosomwa duniani kote, kimojawapo kikiwa kile cha mwaka 1997 juu ya dini ya asili ya Waafrika na maadili yake. Naye alikuwa pia mchungaji wa parokia, aliyewajua watu anaowaandika. Naye Kardinali Laurean Rugambwa, kabla ya kwenda Roma kusomea udaktari wa sheria za Kanisa, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kichungaji tangu alipopewa upadre mwaka 1943. Alirudi akawa Askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Hata Papa Benedikto wa Kumi na Sita, aliyepata udaktari wake mwaka 1953, alikuwa kwanza padre msaidizi katika parokia moja ya mji wa München, akifundisha watoto dini, akiungamisha na kuzika. Na mwezi Novemba mwaka 2023 Papa Fransisko aliwakumbusha wanateolojia wote kwamba elimu yao yapaswa kusikiliza maisha ya watu. Mtume Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni na karibu kufa, alimwagiza Timoteo amletee joho lake na vitabu. Mtume hakuviacha vitabu, wala vitabu havikumfanya ayasahau makanisa.

Basi, kwa ndugu zangu mapadre mnaosoma huku mkichunga, nasema mambo matatu. Kwanza, msianze kwa siri. Askofu wenu ajue na akubali, na waamini waambiwe wazi, ili ipangwe ni nani atakayeitika wito wa mgonjwa siku ambayo ninyi mko chuoni. Pili, wagonjwa kwanza, sura ya kitabu baadaye. Sura itangoja hata kesho. Mtu anayekufa hana hiari ya kungoja. Tatu, kila mnachokiandika kirudi kwa watu waliowapa maswali. Kama hakiwezi kurudi kwa namna yoyote, hata katika hotuba ya dakika kumi, kichunguzeni tena.

Nanyi, enyi jamaa za Kikristu nchini kote, msidhani kwamba jambo hili ni la mapadre peke yao. Ninyi nanyi mnayo sehemu yenu.

Mwiteni padre mapema. Wengi huogopa kumwita, wakidhani mafuta matakatifu ni ishara ya kukata tamaa, wakangoja mpaka mgonjwa hawezi tena kusema. Mpako ni Sakramenti ya wagonjwa, haukuwekwa kwa wanaokata roho tu. Mgonjwa apakwe akiwa na fahamu, aungame kwa kinywa chake, ale Mwili wa Bwana kwa furaha.

Wafundisheni watoto wenu sala ya majuto, wasiikariri tu bali waielewe. Huenda siku moja mmoja wenu akawa mbali na padre, nyuma ya mto uliojaa, na sala hiyo aliyofundishwa na mama yake jikoni ndiyo itakayokuwa njia yake. Na katekista wenu mpeni heshima yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wabenediktini wa nchi ya Songea walipoondolewa, walimu wa dini ndio waliosali na watu na kuwashika mkono wanaokufa, na imani haikuzimika.

Tena mpeni padre wenu saa za kusoma. Nasema hili bila aibu, hata baada ya kuungama kosa langu. Padre asiyesoma hukauka kama kisima wakati wa kiangazi: ndoo yashuka, yapanda na matope. Mnamwita katika kila kamati na kila sherehe, abariki kila kitu kipya kinachonunuliwa kijijini, kisha Dominika mnanung'unika kwamba hotuba ni ile ile ya mwaka jana. Mkimwona anasoma, na shida yenu yaweza kungoja, fanyeni kama watu wa Milano: ondokeni polepole, mkimwombea. Lakini mgonjwa akizidiwa, msiondoke. Gongeni mlango, na asipoitika, gongeni tena.

Tasnifu yangu bado sijaimaliza. Nikijaliwa kuimaliza, wenye elimu watanipa jina la daktari, nami nitalipokea kwa shukrani. Lakini najua kwamba mtihani wangu wenyewe ulifanyika kule Lusewa, usiku wa mvua, wala sikuufaulu. Mungu, kwa huruma yake, ameniruhusu niurudie kila mara mtu anapobisha hodi.

Tumwombe Mtakatifu Ambrosi awaombee mapadre wetu wasomao, wapate elimu isiyowatenga na watu. Tuwaombee wagonjwa wote walalao usiku huu wakisikiliza kama kuna mtu anayekuja. Na tumwombee marehemu mzee wetu, aliyengoja mtumishi akajiwa na Bwana: raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Amina.